Ramani ya Kwenda kwa Mama

Mama yangu akiulizwa kanisani binti yake anafanya kazi gani, hujibu kwamba niko kwa kompyuta, kwa sauti ile ile ambayo watu huitumia kusema fulani yuko hospitali. Simlaumu. Natengeneza tovuti za watu katika chumba cha kupanga hapa Makongeni, Thika, na sehemu ya kazi hiyo ninayoijua kuliko zote ndiyo isiyoonekana kabisa. Mtu akishajengewa tovuti, akaona picha zake zimekaa vizuri, hudhani mambo yamekwisha. Hajui kwamba mpaka hapo hakuna mtu anayejua kuwa ipo. Ni lazima uuandikie mtambo wa utafutaji, ule ambao watu huuliza kila kitu kwenye simu, faili moja yenye anwani za kurasa zote za tovuti, ukurasa upi uko wapi na ulibadilishwa lini. Kisha unaupelekea faili hiyo na kungoja. Tunaiita ramani ya tovuti. Ukiifungua utaona mistari ya anwani tu, na hakuna mteja aliyewahi kuniomba nimwonyeshe yake.

Ya mama ndiyo niliyoitengeneza kwa moyo kuliko zote, na ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Mama anaishi Ngoliba, kule chini kwenye joto, katika shamba ambalo baba alituachia na ambalo mahindi huota yakipenda. Tangu baba afe, anaishi kwa vifaranga wa kienyeji. Mashine yake ya kuangulia ni sanduku la mbao ambalo fundi alilitoboa, akalitia balbu na feni ndogo. Stima ikipotea, na Ngoliba hupotea inavyotaka, mama huingiza chupa za maji moto ndani na kufunika sanduku kwa blanketi. Mayai huyaandika kwa penseli, upande mmoja msalaba na upande wa pili duara, ili ajue yapi keshayageuza. Shida haikuwa kuangua. Shida ilikuwa kwamba wanunuzi wake walikuwa majirani, na majirani walishajaa kuku. Kifaranga asiyenunuliwa mapema hugeuka mdomo wa kulishwa, na mama alikuwa na midomo mingi uani kuliko alivyoweza kuimudu.

Nikamwambia nitamtengenezea tovuti, watu wa Thika na Kalimoni na Ruiru wampate. Ramani ya tovuti nilimweleza kwa mfano wa ruracio, sherehe ya kuleta mahari. Binamu yangu alipokuja kuposwa, wakwe walikuwa wageni kabisa wa sehemu zile, kwa hiyo tulichapisha karatasi zenye mishale tukazibandika kwenye nguzo za stima kuanzia lami mpaka langoni kwetu. Bila karatasi zile wangezunguka Ngoliba na mbuzi wao mpaka mbuzi wenyewe wakate tamaa. Mama alicheka, akaelewa. Akaniuliza swali moja tu, kama watakuja. Nikamwambia watakuja.

Kwa majuma mengi nilikuwa nashuka Ngoliba Jumamosi, nakaa naye kwenye kivuli cha banda, nawasha simu kurekodi. Mama alizungumza Kikuyu, nami nikirudi chumbani naandika kwa Kiswahili, nikijaribu kutopoteza hata pumzi yake. Alisema kifaranga akifika nyumbani apewe maji kwanza, chakula baadaye, kama mgeni yeyote. Alisema umshike miguu na kuiweka kwenye shavu lako. Ikiwa ya baridi, basi usimlaumu kifaranga, jilaumu wewe uliyemlaza penye upepo. Alisema mengi kuhusu chanjo na vumbi na paka. Kila jambo nililipa ukurasa wake. Tovuti za biashara kubwa za kuku zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kunyewa na kuku, na ukizisoma utajua. Ya mama ilikuwa na mama ndani yake.

Kulikuwa na ukurasa mmoja nilioupinga. Alitaka niandike ahadi, na nikaiandika alivyoitamka: Kifaranga wangu akifa kabla ya wiki kwisha, usilie. Mlete, nikupe mwingine. Nilimwonya kwamba watu watamdanganya. Akaniambia hakuna mtu atakayebeba kifaranga aliyekufa kutoka mbali kwa sababu ya uongo, na kwamba yeye anawajua vifaranga wake, hawafi ovyo. Kweli hawakuwa wakifa. Nikauacha ukurasa, nikaweka chini yake picha ya mama amesimama langoni, na maelezo ya kufika kwetu ukishaacha lami.

Ikabaki kuipeleka ramani. Sasa mtambo wa utafutaji haupokei ramani kutoka kwa mtu yeyote tu. Hutaka kwanza mwenye tovuti ajulikane, afungue akaunti kwa barua pepe yake. Mwenye akaunti hiyo ndiye anayeweza kuleta ramani, kuiondoa, au kuutangazia mtambo kwamba nyumba imehama. Nilipomweleza mama hayo, aliuliza itaandikwa jina la nani. Nikasema langu. Aliweka bakuli la mahindi chini.

“Weka jina la kaka yako,” akasema. “Wewe utaolewa, na kitu cha nyumba hakiendi na msichana.”

Nilikuwa nimeshaolewa na kurudi, lakini hilo halikumzuia. Kwetu ndivyo ilivyo. Mita ya maji ina jina la kaka, mita ya stima ina jina la kaka, na kaka hajalala Ngoliba tangu aoe. Mama huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi, na hulitamka kwa upendo wa kweli. Ila jina hilo ni la kuitwa tu, si la kuandikwa mahali. Nilibishana naye mpaka kuku wakaenda kulala. Mwishowe nikampigia kaka simu, nikamwomba barua pepe yake na namba ya siri ambayo mtambo ulikuwa umemtumia. Akanisomea namba bila hata kuuliza ni ya nini. Nikaibandika, ramani ikapokelewa, na mama yangu akaingia duniani kwa jina la mwanawe.

Na walikuja. Hilo sitamnyima mtu yeyote kulisikia. Kwanza mwalimu mmoja kutoka Kalimoni, kisha mke na mume waliokuwa wamestaafu, kisha vijana wa kikundi. Mama alikuwa akinipigia kila mgeni akiondoka, kunieleza alikuja na nini na alikunywa chai ya aina gani. Wengine walimwambia wamesoma maneno yake yote kabla ya kuja, na yeye aliona haya kama msichana. Alinunua sanduku la pili la kuangulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, na nilimwona mama akipona. Alianza hata kunenepa.

Jambo ambalo sikulifikiria ni barua. Kila mwezi mtambo humwandikia mwenye akaunti kumjulisha ni watu wangapi wameiona tovuti yake, na ni maneno gani waliyoandika wakitafuta. Kazi niliifanya mimi, vifaranga walikuwa wa mama, na barua za pongezi zilikuwa zikimfikia kaka yangu Ruiru.

Kaka ni mtu wa kupendeka, na hapo ndipo shida ilipo. Ana kicheko kinachofungua milango. Wakati huo alikuwa ameanzisha duka la chakula cha kuku Ruiru, na duka halikuwa likienda. Ana watoto wa shule, ana kodi, najua. Siku moja akasoma zile barua, akaona umati wa watu wakitafuta vifaranga, wote wakielekezwa kwa mama yake, shambani, kwenye vumbi. Akaenda kwa fundi wa tovuti huko huko Ruiru. Fundi huyo alifanya kazi safi, sikatai. Alijenga tovuti mpya ya duka, akahamisha kurasa zangu zote ndani yake, akaweka mambo sawa ili anayegonga mlango wa zamani apelekwe kwenye mlango mpya, akauarifu mtambo kwamba nyumba imehama, akafuta ramani yangu na kupeleka yake. Mwenye akaunti alikuwa ameruhusu. Mtambo ulikuwa na sababu gani ya kukataa?

Mimi nilijua kwa kimya cha mama. Simu zake za kunisimulia wageni zilipungua, kisha zikaisha. Nilipomuuliza, alisema labda watu wamechoka na kuku. Alikuwa amezima sanduku moja. Nikachukua simu, nikaandika maneno ambayo huandikwa na mtu anayetafuta vifaranga wa kienyeji Thika. Ukurasa wa mama ulitokea wa kwanza kama kawaida. Nikaufungua. Juu kulikuwa na jina la duka la Ruiru na namba ya simu ya kaka yangu, na chini yake maneno ya mama, yote, mpaka yale ya miguu kwenye shavu. Hata picha yake langoni ilikuwepo. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi nguo hiyo nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi kwa mikono yangu.

Nilikwenda Ruiru asubuhi iliyofuata. Duka lilinuka omena, wale dagaa wa chakula cha kuku, na magunia. Karibu na mlango kulikuwa na kreti ya vifaranga waliosongamana, wamefumba macho, ambao walikuwa wa kienyeji kama mimi nilivyo Mzungu. Alikuwa akiwanunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa wanaouza mabaki ya vifaranga wa mashine kubwa, na kuwauzia watu waliosoma maneno ya mama. Nilianza kupandisha sauti. Yeye akanifungulia soda.

“Sasa unanifokea juu ya nini?” akaniuliza, akitabasamu kwa sababu mteja alikuwa ameingia. “Hiyo kitu si ni ya nyumba? Na nyumba ni mimi.”

Halafu akaniambia kwamba mama anajua. Nilitamani kummwagia ile soda. Nilikunywa nusu, kwa kuwa nililelewa hivyo, nikaondoka.

Nilirudi chumbani na kufanya ninachokijua. Nilinunua anwani mpya, safari hii kwa jina langu, nikajenga tovuti nyingine ya mama kwa maneno yale yale, namba yake juu kabisa, nikachora ramani na kuipeleka. Nikangoja. Jibu la mtambo lilipokuja nililisoma nikiwa nimesimama. Kurasa zangu, ulisema, ni nakala. Umeshachagua kurasa nyingine kuwa ndizo za asili, nazo ni zile za Ruiru, kwa hiyo hizi zangu hautazionyesha. Nina rekodi za mama kwenye simu yangu mpaka leo, unaweza kumsikia jogoo akimkatiza. Lakini mtambo hausikilizi rekodi, na akaunti ya kaka ilikuwa imeshauambia kila kitu. Nilikuwa nimeambiwa kwa heshima zote kwamba nimeiba maneno ya mama yangu kutoka kwa kaka yangu.

Nikashuka Ngoliba. Mama alikuwa akichambua mchele, na hakuinua uso. Alikiri kwamba kaka alikuwa amekuja na kumweleza anataka kuikuza biashara, kwamba atakuwa akimletea wateja kwa wingi, naye akamwambia sawa. Hakuelewa kwamba kusema sawa kungemfuta. Nilimweleza tena kwa zile karatasi za ruracio: kaka ameigeuza mishale yote, sasa inaelekea Ruiru, na ni yeye peke yake anayeweza kuigeuza tena, kwa sababu jina ni lake. Anahitaji kuambiwa na mtu mmoja tu duniani, nikasema, na mtu huyo ni wewe.

“Nitamwambia,” akasema. “Lakini ako na watoto, maitu.”

Hakumwambia. Nilimpigia mama simu kila Jumapili kuuliza, na kila Jumapili kaka alikuwa na jambo: mtoto ana homa, kodi imepanda, gari la mizigo limeharibika. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hulisema hilo sana wazee wa kwetu. Uchungu wa binti sijui umeachiwa nani aujue. Nilimkasirikia mama kuliko nilivyomkasirikia kaka, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Kaka alichukua alichopewa. Mama ndiye aliyempa, na alimpa kisicho chake peke yake.

Siku moja nilikuwa kwake, nikimsaidia kufagia banda, tukasikia mtu akibisha langoni. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kiandutu, amefunga leso kichwani, ana katoni kifuani aliyoishika kwa mikono miwili. Aliniangalia mimi, akamwangalia mama, akatoa simu na kulinganisha.

“Cucu, si ni wewe huyu wa picha?”

Alimwita cucu, yaani bibi. Mama akasema ni yeye. Yule mama akafungua katoni. Vifaranga wake walikuwa wamekufa karibu wote, wamelazwa juu ya gazeti kwa mpangilio, kwa adabu. Alitueleza kwamba aliwanunua Ruiru, akawaweka kwenye kona ya chumba chake, akafuata yote yaliyoandikwa, maji kwanza, miguu kwenye shavu, hata paka wa jirani alimfungia nje. Walianza kufa siku ya pili. Aliporudi dukani, mwenye duka alicheka naye vizuri, akamwambia kuku ni bahati. Yule mama akamwonyesha ile ahadi kwenye simu. Mwenye duka akashangaa, kwa sababu hakuwahi kusoma kurasa alizozihamisha. Alibadilisha jina la juu na namba ya simu tu, na maelezo ya kufika Ngoliba yalibaki pale pale chini ya picha. Kwa hiyo yule mama aliyafuata. Aliuliza njia mpaka akafika.

Mama alimchukua kifaranga mmoja, akamgeuza, akamtazama tumboni. Kitovu kilikuwa hakijafunga, alama ya kifaranga aliyeanguliwa vibaya. Alinionyesha. Hawa hawakuwa wake, na hawangekuwa wake hata kwa ndoto. Nilifungua mdomo kumwambia yule mgeni ukweli wote: duka ni la nani, maneno yaliibwa vipi, aende akamdai nani.

Mama akaniwahi. “Wacha,” akaniambia kwa Kikuyu. “Maneno ni yangu.”

Akaingia bandani. Alitoka na vifaranga wake mwenyewe, wale wa sanduku moja lililobaki likifanya kazi, wachangamfu, wanapiga kelele, na akawapanga katika katoni ile ile baada ya kubadilisha gazeti. Alimpa yule mama chai. Alimfundisha tena mambo ya upepo, kwa mdomo safari hii. Yule mama aliondoka akimbariki, na mimi nikaenda nyuma ya choo nikalia kwa hasira, maana sikujua pengine pa kuiweka.

Usidhani mama alimpigia kaka simu baada ya hapo. Usidhani kaka, nilipompigia mimi, aliona aibu. Alisema mama ni mtu mzuri sana, na kwamba hajamwomba afanye hivyo. Halafu habari zikasambaa, kama zinavyosambaa habari za mtu anayetoa. Aliyeuziwa vifaranga wabovu Ruiru akaambiwa na mwenzake kwamba nenda Ngoliba, yupo bibi anayekupa wengine bure. Kaka naye akaona ni rahisi zaidi kuwaelekeza huko kuliko kubishana nao dukani. Mama aliwasha tena lile sanduku la pili. Kwa mbali ungedhani biashara imefufuka.

Juzi nilikuwa naye. Tumbo lake limerudi ndani, na shingo ile iliyokuwa imejaa imelegea. Tulikuwa tunageuza mayai, yeye sanduku moja, mimi la pili, misalaba ikishuka na maduara yakipanda. Nilikuwa nikimweleza kwamba nitamwandikia kaka barua kali, kwamba nitakwenda kwa wazee, kwamba nitafanya hiki na kile. Langoni kukabishwa. Kupitia ufa wa mbao nikaona mwanamume amesimama juani, na chini ya kwapa ana katoni.

Mama akajifuta mikono kwenye leso. Alinitazama, na hakukuwa na kejeli usoni mwake, maana hajui kejeli.

“Maitu,” akasema, “si uliniambia watakuja?”

Kisha akaenda kumfungulia.